Bustani ya Mwezi wa Saba

"Sikuuzii."

Rudayna alidhani hakusikia vizuri. Alhamisi ile soko la katikati ya Amman lilikuwa limefurika hadi barabarani. Wauza tikiti walikuwa wakipasua koo, madereva wakipiga honi bila sababu ya maana, na akina mama wakisukumana mabega mbele ya mafungu ya mlenda. Yeye alikuwa amesimama mbele ya banda la miche, amevaa gauni jeupe la kitani, mtandio wa rangi ya ndimu na miwani myeusi. Mpaka dakika ile alikuwa akijiona ni mteja kama wateja wengine.

"Umesemaje, kaka?"

"Nimesema sikuuzii, dada. Asumini tatu, waridi nne, mkomamanga mmoja, vyote vya kupanda ardhini, tarehe mbili mwezi wa saba? Hiyo si bustani, hayo ni mazishi. Rudi mwezi wa kumi na moja."

"Kwani wewe muuzaji au baba yao?"

"Baba yao, ukipenda."

Mwanamume mwenyewe alikuwa na miaka thelathini na kitu, shati la bluu lililopauka mabegani, kofia ya ukindu, na kucha nyeusi kwa udongo. Macho yake yalikuwa yakicheka huku mdomo ukikataa, na hilo ndilo lililomuudhi Rudayna zaidi. Nyuma yake, juu ya kreti iliyopinduliwa, mzee mmoja alivua miwani akamtazama kijana huyo kama mtu anayetazama mkosi.

"Muhannad! Mtu kaleta hela yake sokoni, wewe unamfukuza? Banda hili langu au lako?"

"Lako, ami Dhiyab. Lakini jua ni la Mungu, na mwezi wa saba halina huruma."

Muhannad hakukosea. Amman nzima inajua kwamba mtu mwenye akili zake hapandi kitu majira ya joto. Hupanda mvua zikikaribia, akalala. Lakini Rudayna alivua miwani yake naye, akasema kwa sauti ya mtu aliyechoka kubembeleza.

"Mwezi wa kumi na moja sitakuwapo. Mwezi wa tisa nakwenda Kuwait kufundisha hesabu. Baba yangu alifariki mwezi wa kwanza. Tulipokuwa tunamuuguza, hakuna aliyekumbuka bustani yake, ikakauka yote. Mama eda yake imekwisha tangu mwezi wa tano, lakini mpaka leo hajatoka hata uani. Anakaa dirishani tu. Nikimwachia bustani inayokua, atakuwa na sababu ya kuamka asubuhi. Nikimwachia ua mkavu, siendi. Sasa niuzie au niende kwa jirani yako."

Muhannad akaitazama miche yake. Mzee Dhiyab akavaa tena miwani yake.

"Nitakuuzia kwa sharti moja," Muhannad akasema. "Nije kuipanda mwenyewe."

"Lahaula! Tangu lini tunafuata miche nyumbani kwa watu?" mzee akauliza.

"Tangu leo, ami."

*

Alikuja Jumamosi alasiri, jua lilipokuwa limelegea. Nyumba ilikuwa mlimani, ya mawe meupe kama nyingine zote za mtaa ule. Ua wake wa nyuma ulizungukwa na ukuta mfupi, na ardhi yake ilikuwa ngumu, jembe likigonga linarudi. Mama Rudayna alikuwa dirishani pa jikoni na nguo zake nyeusi, mkono kidevuni, akimtazama mgeni kwa macho ya mtu asiyenunua wala asiyeuza.

Rudayna alidhani kupanda ni kuchimba na kufukia. Muhannad alimcheka. Alichimba shimo, akalijaza maji, akakaa chini akingoja yanywewe.

"Unafanya nini?"

"Naipa ardhi chai kwanza. Ukiweka mche kwenye ardhi yenye kiu, ardhi itaunyonya mche, sio mche uinyonye ardhi."

Alilijaza tena. Kisha akautoa mche wa asumini kwenye kopo, akaonyesha mizizi iliyojizungushia yenyewe duara zima, akaipasua kwa vidole taratibu. Rudayna akafumba macho.

"Unauumiza!"

"Nauamsha. Huu umezoea kopo. Nisipoufanyia hivi, utazunguka hapo hapo mpaka ufe, na nje udongo umejaa tele."

Walipanda mche mmoja mmoja. Juu ya udongo wakatandika mabua makavu ya ngano, na juu ya yote Muhannad akafunga wavu wa kivuli kwenye fito nne. Kufikia jioni gauni la Rudayna lilikuwa limechafuka hadi magotini, na udongo ulikuwa shavuni.

"Mwalimu, wanafunzi wako wakikuona hivi hawatakuogopa tena."

"Nao wateja wako wakikuona unavyolima nyumba za watu, watadai nao."

"Wengine siwaendei."

Akajifanya hakusikia. "Sasa niambie ukweli. Itashika?"

"Wiki tatu za kwanza ndiyo kazi. Maji alfajiri, kila baada ya siku mbili, taratibu. Mchana ukiiona imelegea usikimbilie ndoo, ni uchovu tu kama wetu. Ikishika, mama yako atakula makomamanga ya hapa."

"Na ikifa siendi."

Muhannad akaipangusa kofia yake. "Aa! Kumbe rahisi hivyo? Basi nikiisahau wiki mbili tu, tutabaki nawe?"

Rudayna alimrushia bonge la tope, likampata begani, wakacheka wote wawili. Ulikuwa utani, na kila mmoja aliuchukua kama utani siku ile.

*

Jumanne ndiyo siku ya maji mtaani kwao. Mabomba huanza kukoroma kabla ya jua, matangi ya paani yakajaa, na kila nyumba ikafua, ikaosha na kumwagilia kwa pupa, kwani maji mengine ni mpaka Jumanne ijayo. Kila Jumanne alfajiri Muhannad alikuwa getini na mpira wake begani, na siku za katikati alipita kabla ya kwenda sokoni. Simu nazo zikaanza, kwanza za miche.

"Waridi la tatu limeinamisha kichwa."

"Saa ngapi sasa?"

"Saa saba mchana."

"Mwalimu, na mimi nimeinamisha kichwa. Lisubiri mpaka jioni. Umekula?"

Kisha zikawa si za miche.

"Umeamka?"

"Nani analala bomba likikoroma hivi? Uko wapi?"

"Getini. Nimeleta mikate ya ufuta, bado ya moto. Mpe Mama kwanza, asije akasema nimekuja kukuona wewe."

"Hukuja kuniona mimi?"

"Nimekuja kuona asumini. Wewe umesimama karibu nayo tu."

Mama Rudayna aliipokea mikate dirishani, akaombea mikono iliyoileta, wala hakutoka.

Jumanne ya mwisho ya mwezi wa saba, maji yakichuruzika kwenye shina la mkomamanga, Muhannad alisema bila kugeuka, "Nakupenda, Rudayna. Haya, nimeshasema. Sasa niambie nikatafute kazi mtaa mwingine."

Rudayna alikuwa ameshika ndoo. Moyo ulimdunda hata akaogopa mama atausikia kule jikoni. "Nami nakupenda," akasema. "Na mwezi wa tisa nakwenda."

"Najua."

Hakumwambia abaki. Rudayna aliingoja kauli hiyo siku nzima, kwa hofu ya kuisikia na kwa hofu ya kutoisikia, na haikuja.

*

Mwanzoni mwa mwezi wa nane aliitwa Kuwait kwa siku kumi, kupimwa afya na kukamilisha karatasi. Aliondoka Jumapili, akamwachia Muhannad ufunguo wa geti la nyuma. Alimpigia kila siku.

"Bustani yangu?"

"Ipo."

"Ipo vipi? Wewe mtu mbona maneno yako yana bei? Umemwagilia leo?"

"Utaona ukirudi, roho yangu. Usile samaki wa watu ukasahau kurudi."

Alirudi Jumatano ya wiki ya pili, saa tano asubuhi. Hakuvua hata viatu. Alipita moja kwa moja hadi uani na sanduku lake mkononi, akasimama.

Wavu wa kivuli haukuwapo. Miche ilikuwa juani, wazi. Waridi alizoziacha zimejaa matumba hazikuwa na tumba hata moja, zimekatwa zote. Asumini zilikuwa na majani ya njano chini. Aliinama akagusa udongo pembeni mwa mabua, ukavunjika mkononi kama mkate wa jana.

Aliingia ndani. "Mama, Muhannad alikuja mara ngapi?"

"Karibu kwanza, mwanangu, nikubusu."

"Mara ngapi, Mama?"

Mama Rudayna akafikiri. "Nilimwona mara mbili. Zote Jumanne."

Siku kumi za mwezi wa nane, mara mbili! Rudayna aliliweka sanduku chini. Alikumbuka ule utani wa wiki mbili, na sasa haukumchekesha hata chembe. Akachukua simu.

"Ahsante, bwana. Nimeiona kazi yako."

"Umefika! Mwalimu wangu, umechimba uka—"

"Umekata matumba yangu yote. Umeondoa kivuli. Umemwagilia mara mbili, Muhannad. Mara mbili!"

"Nisikilize kwanza—"

"Ulisema mwenyewe! Ukiisahau wiki mbili, nitabaki. Kama ulitaka nibaki ungesema, una mdomo. Ungesema kiume. Sio kuua kitu pekee nilichotaka kumwachia mama yangu."

Kule upande wa pili zilisikika kelele za soko tu, na mtu akinadi tikiti.

"Hivyo ndivyo unavyonijua?" Muhannad akauliza. Sauti yake ilikuwa chini kabisa.

"Hivyo ndivyo ninavyoona."

"Basi. Ufunguo nitauleta."

Akakata. Rudayna akakaa kitandani na viatu vyake, akalia kama mtu aliyefiwa mara ya pili.

*

Kesho yake asubuhi alishuka uani na koleo. Alikuwa ameamua kuing'oa yote kabla haijamfia mbele ya macho ya mama, kisha aandike barua Kuwait kwamba haendi. Alianza na asumini ya ukutani, ile yenye majani ya njano. Akaishika shina chini, akavuta.

Haikuja.

Akavuta kwa mikono miwili, mguu mmoja ukutani. Asumini ikamkatalia. Mche uliokufa hung'oka kama jino bovu. Huu ulikuwa umeshika ardhi kwa hasira. Rudayna akayaondoa mabua, akatia koleo kando ya shina, na koleo likagonga kitu. Si jiwe. Alifukua kwa vidole, akakuta mdomo wa mtungi mdogo wa udongo umefunikwa kigae. Akakifunua kigae. Ndani mlikuwa na maji, yamefika nusu, baridi kabisa.

Aliufukua ubavu wa mtungi. Huo ulikuwa mtungi usiopakwa rangi wala kuchomwa sana, wa aina ambayo hutoa jasho. Udongo unaouzunguka ulikuwa mweusi na mbichi, na mizizi myeupe, myembamba kama uzi wa kushonea, ilikuwa imeukumbatia mtungi pande zote. Akakimbilia waridi, akakuta mtungi. Kwenye mkomamanga akakuta miwili. Kila shina lilikuwa na wake, umejazwa Jumanne, unanywesha mche kidogo kidogo wiki nzima bila mtu. Na pale matumba yalipokatwa, chini ya kila kidonda, vilikuwa vimetoka vichipukizi vyekundu ambavyo jana hakuinama vya kutosha kuviona.

"Mama!" akaita. "Mama, njoo! Mama!"

Mama Rudayna alidhani mwanawe ameumwa na nyoka. Akatoka mbio na kandambili za jikoni, mkono mmoja una kijiko, akateremka ngazi zote tano kabla hajakumbuka kwamba yeye hatoki tena. Akachuchumaa, akaingiza vidole kwenye mtungi.

"Kumbe hii ndiyo aliyokuwa akiifukia," akasema. "Nilimuuliza yale matumba anayakatia nini, akaniambia mche mchanga ukizaa maua mapema unakosa nguvu ya mizizi. Wavu nao akautoa, akasema miche imeshika, sasa izoee jua. Matumba akaniletea yote kwenye bakuli. Nimeyatia kwenye chai."

"Mbona hukuniambia, Mama?"

"Uliniuliza mara ngapi, nikakujibu mara ngapi. Hukuniuliza alifanya nini."

Akakaa kwenye udongo na nguo zake nyeusi, akaanza kuchambua majani ya njano ya asumini, moja moja. Alikaa hapo mpaka adhuhuri. Rudayna alipiga simu ya Muhannad mara tisa, nayo haikupokewa hata mara moja.

*

Ijumaa baada ya sala ya alasiri kengele ililia. Alikuwa Mzee Dhiyab, kavaa koti juu ya kanzu na kilemba cha miraba myekundu, ndevu zimepunguzwa. Nyuma yake Muhannad, shati jeupe lililopigwa pasi, uso umefungwa, ufunguo mkononi. Kijana hawezi kuingia peke yake nyumba ya wanawake wawili, tena amegombana na mmoja wao, kwa hiyo alimleta ami yake.

Rudayna alikimbilia jikoni. Kahawa ikamfurikia jikoni mara mbili. Alikwisha kupanga maneno ya kuomba radhi siku nzima, na sasa hakulipata hata moja. Akaileta sinia, akaweka kikombe mbele ya mzee, kikombe mbele ya Muhannad bila kumtazama, akarudi kusimama mlangoni.

Mzee Dhiyab akashukuru, akakishika kikombe, akakisogeza mezani mbali kidogo na yeye. Akakiacha.

Mama Rudayna akakitazama. Mgeni mwenye haja kubwa hakigusi kikombe cha kahawa mpaka mwenye nyumba amkubalie haja yake. Hilo mtoto wa Amman hulijua kabla ya kujua kusoma. Akatazama kilemba kipya cha mzee. Akatazama shati la kijana. Macho yakamjaa machozi.

"Mzee Dhiyab," akasema, "angekuwapo marehemu angekujibu yeye. Mimi nimeona mikono ya huyu mwanao ilivyofanya kazi. Kunyweni kahawa yenu. Mmepewa."

Mzee Dhiyab akakunja uso.

"Tumepewa nini, Mama Rudayna?"

"Binti."

"Binti gani?"

"Mimi nina mabinti wangapi, Mzee Dhiyab?"

Mzee akashika kichwa. "Astaghafirullahi! Mama, mimi nina vidonda vya tumbo! Daktari amenikataza kahawa tangu Ramadhani, nami nikaona aibu kuirudisha. Sisi tumekuja kurudisha ufunguo!"

Mama Rudayna akajifunika uso wote kwa mtandio. Kutoka ndani ya mtandio ilisikika sauti ndogo: "Yarabi, ardhi ipasuke."

Rudayna naye alitamani ipasuke, aingie wa kwanza. Lakini jicho lake lilikuwa kwenye kikombe cha pili. Kikombe cha Muhannad kilikuwa kimejaa hadi ukingoni, povu halijavunjika, nacho kilikuwa kimesogezwa vilevile. Akaingia chumbani, akasimama mbele yake.

"Na wewe, Muhannad? Na wewe una vidonda vya tumbo?"

Muhannad akautazama ufunguo, akamtazama ami yake, kisha akauinua uso.

"Hapana," akasema. "Mimi tumbo langu halina neno."

Mama Rudayna akafunua jicho moja.

"Nimeiona mitungi," Rudayna akasema, na machozi yakamtoka mbele ya watu wote. "Nilikudhania ubaya, nikakutukana bila kukusikiliza. Nimepiga simu mara tisa. Nisamehe."

"Nilizihesabu. Nilikuwa na hasira ya mara nane. Ya tisa, simu ilikuwa imeisha chaji."

"Usinichekeshe, nalia. Na mkataba ni wa mwaka mzima, Muhannad. Siuvunji."

"Nani kakwambia uuvunje? Nimechimba mashimo kwenye jua la mwezi wa nane ili uende bila wasiwasi. Ningetaka ubaki, si ningelala nyumbani?"

"Na huo mwaka?"

"Utanipigia. Utaniuliza waridi limeinama, nami nitakuuliza, umekula?"

"Wazee wa ukoo nitawaleta wiki ijayo kwa baba mdogo wa Rudayna, kwa heshima zote," Mzee Dhiyab akasema haraka, kama mtu anayefunga mlango kabla upepo haujaufungua. "Leo tuhesabu hatukuja."

"Na Jumanne nitakuwa uani mwenyewe," Mama Rudayna akasema. "Mitungi nitajaza mimi. Wewe uje, lakini mikate usiisahau."

Rudayna akainama, akagusa ubavu wa kikombe.

"Imepoa. Nikuletee nyingine?"

"Usithubutu," Muhannad akasema. Akakishika kwa mikono miwili, akainywa yote, hadi machicha.